Maziwa ya Mapasa

Mimi nina mdomo. Nakwambia mapema ili unijue. Nilizaliwa kambi ya reli hapa Kamina, katikati ya watoto wa kila kabila, na pale kambini mtoto asiye na mdomo alilala bila kula. Bwana wangu, aliyefanya kazi ya reli mpaka nywele zikawa nyeupe, husema treni zimekuwa haba siku hizi lakini honi imebaki nyumbani kwake. Namwambia ashukuru, wengine wamebakiwa na kutu tu. Hivyo ndivyo tumeishi, tukitaniana, miaka thelathini na zaidi.

Basi padri aliposimama Jumapili moja akaomba akina mama wa kusaidia watoto wagonjwa hospitalini, nilikuwa wa kwanza kunyosha mkono. Tulikwenda kumi na wawili. Mwezi haukuisha tulikuwa tumebaki wanne. Padri alikuwa amesema “kuwatembelea wagonjwa,” na wenzangu walidhani ni kwenda na rozari na ndizi, kushika mtoto kichwa, kurudi nyumbani. Kumbe ni kuchota maji mbali, kufua mashuka yenye kuhara, kumshika mtoto anayepigwa sindano huku mama yake amekimbilia nje. Ni kufunga kidevu cha mtoto aliyekufa kabla hakijakakamaa, kisha kumtafutia mama yake kikwembe, kitenge cha kumbebea, kwa sababu alicho nacho ndicho alichokuwa akimlazia. Atakayekwambia kazi hiyo ni tamu, mwambie aje zamu ya asubuhi.

Mimi niliwekwa kwenye chumba cha maziwa. Ndivyo tulivyokiita. Walilala humo watoto waliokauka kwa njaa, na dawa yao ilikuwa maziwa maalumu, yanayochanganywa na munganga, maana huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni munganga. Kila mtoto alikuwa na kipimo chake, kikombe kidogo kila saa tatu. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kigoda mlangoni na kuhakikisha maziwa yanaingia kwenye kinywa kinachostahili.

Utauliza, mama gani atamnyima mwanawe maziwa? Hujaona njaa wewe. Mama ameacha wengine watatu nyumbani, naye mwenyewe tangu jana hajala ila sombe, majani ya muhogo, kwa maji matupu, na mkononi ameshika kikombe chenye harufu ya sukari. Nimeona wakificha maziwa kwenye chupa katikati ya matiti. Nimeona nyanya mmoja, mwanamke wa upande wa Kinkondja aliyekuja na mjukuu wake, akinyanyua kikombe ili anywe yale matone yaliyobaki chini. Nilikiondoa mdomoni mwake. Alijifuta midomo akatazama ukuta. Siku hiyo nilirudi nyumbani kifua mbele, naona nimetenda haki. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nilimwambia bwana wangu, na wale wamama ni watoto watupu.

Na kweli, nilipokuwa zamu watoto walipanda uzito. Munganga mkuu wa chumba kile, kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinipenda kwa hilo. Alinifundisha mambo mengi ambayo hakuwafundisha wenzangu, nami nikawafundisha wao. Wamama wakinisikia kwenye baraza walikaa wima. Nilidhani ni heshima.

Mwezi wa Januari, wakati mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha na mapya bado yako shambani yananyeshewa, tulikuwa tumejaa mpaka wengine wanalala chini. Siku moja ya mvua aliletwa mama mmoja kutoka Base, kambi ya jeshi iliyo mbali nje ya mji, mke wa askari. Mtu alimbeba kwa baiskeli umbali wote ule, matope mpaka magotini, mtoto mmoja kifuani na mwingine mgongoni. Bwana wake, mtu wa jimbo la Equateur, alikuwa amepelekwa Mashariki vitani, na simu yake ilikuwa haiiti tena. Yeye mwenyewe alikuwa Muluba wa Kabondo-Dianda, mwanamke mwembamba, mpole, mwenye kusema kwa sauti ya chini mpaka unataka kumtikisa. Watoto walikuwa mapasa, wa mimba moja, msichana na mvulana, mwaka mmoja na nusu. Msichana alikuwa mifupa na macho. Huyo ndiye aliyelazwa. Mvulana hakuna aliyemtazama, maana alikuwa na mashavu.

Sasa lazima nieleze jambo moja, kwani bila hilo hutaelewa. Kwetu Waluba, mama aliyezaa mapasa si mama wa kawaida. Anapozaa tunamwimbia nyimbo za matusi barabarani, na yeye anacheka, na toka siku hiyo jina lake linasahaulika, anaitwa mama-mapasa hadi kaburini. Na mapasa wenyewe wanagawiwa sawa. Ukimnunulia mmoja gauni, mwenzake naye apate. Ukimchapa mmoja, mchape na wa pili hata kama alikuwa amelala. Ukimpendelea mmoja, mwenziwe atakasirika, atarudi alikotoka. Haya nilinyonya na maziwa ya mama yangu. Nilipokuwa mtu mzima nikayacheka, kwa sababu nilikuwa nimesoma kidogo na nimeolewa na mtu wa reli.

Siku ya tatu msichana alipimwa, uzito haukusogea. Siku ya sita vilevile, na mbavu zikaanza kuonekana zinavyopanda na kushuka. Munganga alinivuta kando. “Mama, ule mutoto ataenda,” akasema. “Maziwa inaenda wapi?” Aliuliza kwa upole, lakini mimi niliisikia kama kofi. Chumba changu! Maziwa yangu!

Jumapili, baada ya misa, nikaja saa ambayo si zamu yangu, nikasimama dirishani. Mama-mapasa alikuwa amepewa kikombe. Akakichukua pamoja na kifuniko cha thermos, akamimina. Akaviinua vyote viwili mbele ya macho yake, akatazama, akaongeza tone huku, akatazama tena. Alipoona vimelingana akamnywesha msichana, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kutoka tumboni, kisha mvulana. Mvulana alikunywa polepole, anageuza uso, naye akambembeleza mpaka mwisho.

Nililipuka. Sijui niliupita mlango namna gani.

“Weye mama! Unafanya nini na maziwa ile?”

Alishtuka, kifuniko kikaanguka. “Mama, ni mapasa,” akasema. “Nikipatia moja, mwenzake atakasirika.”

“Atakasirika! Kwa hiyo mutoto wa mwaka moja na nusu njo anakuamuru weye? Angalia huyu! Ni mifupa! Na ule munene anamukulia dawa yake! Unamuua mutoto yako na mikono yako, unasema ni desturi!”

Wamama wengine walianza kucheka. Mmoja akapiga makofi, akasema, “Mama wa parokia, umuambie!” Ee bwana, mtu mwenye mdomo akipata watazamaji hana breki. Nilimwita mshenzi. Nilimwita mwizi wa maziwa ya wagonjwa. Nikamuuliza kama bwana wake anakufa vitani ili yeye akae huku kunenepesha mmoja na kumzika mwingine. Hilo la bwana wake halikuwa na haja yoyote. Nililisema kwa sababu lilikuwa limefika ulimini. Yeye alikuwa amemkumbatia mvulana, amemfunika miguu kwa kikwembe, anatazama sakafu.

Nikatoa amri. Kitanda kimoja, mama mmoja, mtoto mmoja, ndiyo ilikuwa sheria ya chumba, ingawa tulikuwa tukiifumbia macho. Mvulana arudi nyumbani. Kesho yake mdogo wa mama-mapasa, msichana wa miaka kama kumi na sita, alikuja kutoka Base na fungu la majani ya muhogo kwa dada yake. Nilimwambia atarudi na mtoto. Mama-mapasa alimnyonyesha mara ya mwisho ziwa lisilo na kitu, akanipa mimi, kwa sababu nilikuwa nimenyosha mikono. Nikamfunga mvulana mgongoni mwa mama yake mdogo kwa mikono yangu mwenyewe.

Hapa niseme wazi. Kuna njia ya kumjua mtoto mnene kwa chakula na mtoto mnene kwa njaa. Unaweka kidole gumba juu ya mgongo wa wayo, unabana, unahesabu mpaka tatu, unaondoa. Ngozi ikirudi, ni nyama. Shimo likibaki, ni maji, na yule mtoto ni mgonjwa wa njaa sawa na yule aliyekonda, na pengine atakufa kabla yake. Munganga alinifundisha mimi, mimi nikawafundisha wenzangu watatu, nikiwagombeza wasipobana vya kutosha. Nilipokuwa nafunga kikwembe kile, miguu ya mvulana ilikuwa ndani ya viganja vyangu. Nilisikia ilivyokuwa laini, imejaa, baridi. Nywele zake zilikuwa nyekundu na chache, niliziona. Hakulia wala hakucheka, alikuwa ananitazama tu kama mzee aliyechoka, na mtoto mzima wa umri ule, ukimtenga na mama yake, angepasua nyumba kwa kilio. Vyote hivyo nilikuwa navyo mbele yangu, na sikubana. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimekwisha kusema mbele ya watu kwamba yule ni mnene, na nani angenifanya nile maneno yangu?

“Muzigo muzuri,” nilimwambia yule mama mdogo nikimpiga kofi la mgongoni. “Kwenda.”

Msichana akaanza kupanda. Siku mbili tu, uzito ukasogea. Siku ya tano alishika hereni yangu akaivuta, na mimi, na mdomo wangu wote, nikatokwa na machozi ya furaha kama mjinga. Munganga alinisifu mbele ya wote. Alisema kama kila chumba kingekuwa na mama kama huyu, makaburi yangekuwa na nafasi. Wamama wakapiga makofi. Mama-mapasa naye alipiga.

Lakini kila asubuhi aliniuliza, “Mama, hakuna muntu ametoka Base?” Na kila alipompa msichana kikombe kizima, kabla ya kukiinua, alisema kwa sauti ya chini, kama anamwambia yule mvulana, “Mudogo, utanisamehe.” Nikisikia nilimfyonya. Nilimwambia aache upuuzi, maziwa yatapoa.

Siku ya tisa mama mdogo alikuja kwa miguu. Mgongoni hakuwa na kitu. Kikwembe alikuwa amekikunja vizuri, amekiweka mkononi. Wamama wote wa chumba kile wanajua maana ya kikwembe kilichokunjwa, na vijiko viliacha kugonga vikombe. Alipiga magoti mbele ya dada yake akaeleza. Mtoto alikataa chakula tangu siku ya pili. Yeye, mama mdogo, alidhani anamlilia mama. Miguu ikavimba kama mikate, ngozi ikaanza kutoka vipande vipande, uso ukafunga macho. Mvua ilikuwa imekata barabara, kila aliyeombwa baiskeli alikataa. Walimzika jana.

Munganga alikuwa amesimama karibu nami. Aliposikia habari za miguu aligeuka polepole.

“Mama, ule mutoto alipita hapa?”

“Alipita tu,” nilisema. “Alikuwa na mama yake siku kidogo, akarudi.”

Ndivyo nilivyojibu. Mimi ninayewaita wengine wezi.

Nilingojea mama-mapasa apige yowe. Nilitaka apige. Mama akipiga yowe unajua la kufanya, unamshika mikono, unamfunga kiuno, unalia naye. Lakini kwetu pasa akifa hatusemi amekufa, tunasema amerudi, na machozi hayaruhusiwi, kwani aliyebaki akiyasikia atafuata. Saa ya maziwa ilikuwa imefika. Mama-mapasa akachukua kikombe, akamnywesha msichana mpaka tone la mwisho, huku mdogo wake bado amepiga magoti. Mimi ndiye niliyetoka nje. Nililia nyuma ya jiko la wagonjwa, nimeuma pindo la kikwembe changu ili nisisikike, halafu nikamgombeza mwanamke aliyekuja kuwasha moto pale eti ananipulizia moshi.

Ungedhani nilikwenda kumwambia siku ile ile. Sikwenda. Wamama walipomuuliza mwanawe alikuwa na ugonjwa gani, aliwajibu neno moja: “Alikasirika.” Wakaitikia, wakatikisa vichwa, wote ni watu wa huku. Na mimi niliyeicheka desturi ile mbele ya chumba kizima, nikajificha ndani yake. Majuma mawili! Nilipita kitandani pake na ndoo, na shuka, na sabuni, nikimsikia anasema alikasirika, na nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Bwana wangu aliniuliza kama naumwa. Chakula kilikuwa hakipiti. Nilimwambia ni jino.

Msichana alifika uzito wake. Siku ya kutoka, mama-mapasa alifua shuka la hospitali, akafunga beseni lake, mkeka, sufuria, na vipakiti vya unga wa karanga alivyopewa. Akawaaga wote mmoja mmoja. Mimi nikambebea beseni mpaka barabarani, ambako mtu wa baiskeli angemchukua. Jua lilikuwa kali baada ya mvua, watu wanapita na mizigo yao ya makaa, na yule wa baiskeli amechelewa. Nikaona hapa ndipo mahali, nikikosa leo nitakufa nalo.

“Mama-mapasa,” nilisema, “mutoto yako hakukasirika. Alikuwa mugonjwa. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa njaa, siku ile nilimufukuza. Ilikuwa kazi yangu kuangalia, na sikuangalia. Nilimushika na sikuangalia. Njo ile ilimuua. Njo minyi, mimi mwenyewe.”

Nikasimama kungoja. Kama angenizaba kibao mbele ya watu wote wale, ningemshukuru. Kama angenilaani ningeipokea laana nikaenda nayo nyumbani. Yeye aliendelea kumfunga msichana mgongoni. Alivuta ncha za kikwembe, akazikaza kifuani, akasukuma miguu ya mtoto ikae vizuri pande zote mbili za kiuno.

“Ninajua, mama,” akasema.

“Unajua nini?”

“Miguu niliiona. Tangu siku tulifika ilikuwa imevimba. Mbele ya bale bamama nilisema alikasirika, sasa ningesema nini ingine? Nilikuwa ninataka kukuonyesha miguu.”

“Sasa juu ya nini haukunionyesha?”

Sauti yangu ilikuwa imepanda. Pale barabarani, siku ile, mbele ya mwanamke yule, ilikuwa imepanda yenyewe, na mtu aliyekuwa akipita na makaa aligeuka kututazama. Mama-mapasa alirudi nyuma hatua moja. Akapeleka mkono mgongoni, akakifunika kichwa cha mtoto.

“Nilikuogopa,” akasema. “Usikasirike, mama.”